Vinasaba vya wadudu wa milimani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huzuka kila mtu anaposikia kwamba panzi wa kilele kimoja si sawasawa na panzi wa kilele jirani. Yanaanza na ya msingi na kuishia na yale yanayowaumiza kichwa hata watafiti. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi. Namba ya swali itakuelekeza.

## Misingi

1. "Tofauti za vinasaba" ni tofauti za nini hasa?

Kila mdudu amebeba DNA, ambayo ni kama maandishi marefu yaliyotungwa kwa herufi nne tu. Wadudu wawili wa spishi moja hufanana katika sehemu kubwa ya maandishi hayo, lakini hapa na pale herufi hupishana. Mahali pamoja katika DNA pakiwa na matoleo zaidi ya moja, kila toleo huitwa aleli. Aleli mpya huzaliwa pale DNA inaponakiliwa vibaya.

Kuna vipimo viwili ambavyo watu huvichanganya. Kimoja ni tofauti zilizomo ndani ya kundi moja. Cha pili ni tofauti kati ya kundi na kundi. Kujitenga mlimani huvisukuma pande mbili zinazopingana: ndani ya kundi aleli hupungua, na kati ya makundi pengo hupanuka. Mtu akisema kwa mkato tu kwamba "mlima huu una tofauti kubwa za vinasaba", mwulize anazungumzia kipi.

2. Mdudu ana mabawa. Kwa nini asivuke bonde tu?

Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mdudu aliyezoea baridi ya mita 3,000 akishuka bondeni hukuta joto jingine, mimea mingine na maadui asiowajua. Kwake bonde ni bahari, na ndiyo maana vilele huitwa visiwa vya angani.

Mwaka 1967 mwanaikolojia Daniel Janzen alitoa hoja ambayo bado inajadiliwa: katika nchi za tropiki, vizuizi vya milimani ni "virefu" zaidi kwa kiumbe hata kama mita ni zilezile. Mahali ambapo joto la mwaka mzima halibadiliki sana, kiumbe hazoei mabadiliko makubwa, kwa hiyo tofauti ya nyuzi chache tu kati ya mlima na bonde humzuia. Mdudu wa nchi zenye majira ya baridi kali na kiangazi cha joto huwa amekwisha kuzoea misukosuko ya namna hiyo.

Tena wengi wa wadudu hawa hawana mabawa, au wanayo mafupi yasiyorusha. Misuli ya kurukia hudai joto na chakula, navyo ni adimu mlimani. Jike asiye na misuli hiyo hutumia akiba yake kutengeneza mayai. Upepo nao una neno lake. Darwin aliandika kwamba kati ya spishi 550 za mbawakawa zilizojulikana katika kisiwa cha Madeira, 200 hazikuweza kuruka, na akahisi kwamba wenye kuruka walikuwa wakipeperushwa baharini. Kwenye kilele bahari hiyo ni bonde.

3. Kwa hiyo vilele vilivyo karibu vina wadudu wanaofanana zaidi?

Mara nyingi ndiyo, ila kilomita peke yake hudanganya. Mfano mzuri ni kipepeo *Parnassius smintheus* wa milima ya Alberta, Kanada, ambaye huishi kwenye mbuga za nyasi juu ya mpaka wa msitu. Jens Roland, Nusha Keyghobadi na wenzao walilinganisha vinasaba vya vipepeo wa mbuga mbalimbali, wakakuta kwamba kilichoeleza tofauti vizuri zaidi ni urefu wa msitu uliokatiza katikati. Mita mia za miti humtenga kipepeo huyu kuliko mita mia za nyasi.

Ukitazama ramani, basi, usipige rula kutoka kilele hadi kilele. Fuata njia ambayo mdudu mwenyewe angeweza kuipita.

4. Kutengana huku kulianza lini?

Inategemea mlima, na hapa ndipo habari inapokuwa tamu.

Katika milima ya kaskazini, kilele cha enzi ya barafu ya mwisho, miaka 21,000 hivi iliyopita, kilifunika makazi ya juu kwa barafu. Wadudu walishushwa kwenye mifuko michache ya hifadhi pembezoni, kisha barafu ilipoyeyuka wakapanda tena. Lacey Knowles alichunguza panzi wa jenasi *Melanoplus* katika milima ya Rocky, Marekani, na kuonyesha kwamba mifuko hiyo ya hifadhi ilichangia kuwatenganisha. Zamani ilidhaniwa kwamba misukosuko ya barafu iliwachanganya wadudu tu na kuzuia spishi mpya zisizaliwe. Kumbe iliweza pia kuzizalisha.

Katika tropiki mambo huweza kwenda kinyume. Baridi iliposhuka, ukanda wa mimea ya milimani nao ulishuka, na visiwa vya angani vikaongezeka ukubwa. Vingine huenda vilikaribiana au kuungana. Kwa makundi ya namna hiyo, kipindi cha joto kama hiki chetu ndicho cha kutengana.

Umri wa mlima wenyewe nao huhesabiwa. Kilimanjaro ni volkano ya juzi kwa hesabu ya miamba, isiyozidi miaka milioni 3 hivi. Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita hadi Udzungwa, ni ya kale mno ikilinganishwa nayo, na misitu yake imekuwa na muda mrefu wa kulea spishi za peke yake. Panzi wasioruka wa jenasi *Parepistaurus* wana spishi kadhaa katika eneo hilo, na baadhi hazijaonekana nje ya mlima mmoja.

## Bahati na uteuzi

5. Kundi dogo hupotezaje aleli wakati hakuna anayeziondoa?

Kwa kura. Kila kizazi ni sampuli ya kizazi kilichotangulia, na sampuli ndogo haiwakilishi vizuri. Jike mwenye aleli adimu akiangukiwa na jiwe kabla ya kutaga, aleli hiyo imekwisha, iwe nzuri iwe mbaya.

Hesabu yake ni fupi. Kundi lenye wazazi N hupoteza, kwa wastani, sehemu 1/(2N) ya utofauti wake kila kizazi. Wazazi 50 hupoteza asilimia 1. Baada ya vizazi 10, asilimia 10 hivi imekwenda. Wazazi 10 hupoteza asilimia 5 kila kizazi, na baada ya vizazi 10 imekwenda asilimia 40. Wadudu wengi wa nyanda za juu huzaa kizazi kimoja tu kwa mwaka, na wengine huhitaji zaidi ya mwaka kukomaa, kwa hiyo kura hii huchezwa polepole kuliko kwa wadudu wa bondeni wanaozaa mara kadhaa kwa mwaka.

Angalizo: N si idadi unayoihesabu ukitembea uwandani. Ni idadi ya wanaofanikiwa kuacha watoto, ikipunguzwa zaidi na miaka mibaya. Mbuga yenye vipepeo elfu moja mwaka huu, ambayo ilibaki na ishirini miaka mitano iliyopita, bado hubeba kovu la wale ishirini.

6. Makundi yakitofautiana, je, ina maana kila moja limezoea mlima wake?

Hapana. Sijui kosa linalorudiwa kuliko hili. Kura ya swali la 5 peke yake inatosha kuyafanya makundi mawili yatofautiane sana, hata kama vilele vyao ni pacha kwa kila kitu. Kusema "wamezoea" ni kudai kwamba uteuzi asilia umefanya kazi, yaani wenye aleli zinazofaa mahali hapo wameacha watoto wengi kuliko wenzao, na dai hilo linahitaji ushahidi wake wenyewe.

Ushahidi huo unafananaje? Mtazame mbawakawa *Chrysomela aeneicollis*, mla majani ya miti ya jenasi *Salix* katika milima ya Sierra Nevada, California. Nathan Rank na Elizabeth Dahlhoff wamemfuatilia kwa miaka mingi. Ana kimeng'enya kiitwacho PGI, kinachoshiriki katika kuvunja sukari, chenye aleli mbili kuu. Moja imetawala katika mabonde ya vijito ya kaskazini mwa eneo lake, nyingine kusini, na katikati zimechanganyika. Kufikia hapo bado ungeweza kusema ni bahati tu. Lakini watafiti walionyesha pia kwamba wenye aleli tofauti hustahimili joto na baridi kwa namna tofauti, hutengeneza protini za kujikinga na joto kwa viwango tofauti, na kwamba katika mabonde ya katikati aleli ya kaskazini iliongezeka baada ya miaka ya baridi. Mpangilio wa kijiografia, utendaji wa mwili na mabadiliko ya mwaka hadi mwaka vyote vinaelekeza upande mmoja. Dai la kuzoea lisimame juu ya mihimili kama hiyo, si juu ya ramani yenye rangi mbili.

7. Kuna dalili za kuzoea zinazoonekana kwa macho?

Zipo. Vipepeo wa jenasi *Colias* wa sehemu za juu huwa na upande wa chini wa bawa wenye weusi zaidi, ambao hufyonza joto la jua kabla ya kuruka. Huko New Zealand, wadudu wa vijito wa kundi la *Zelandoperla fenestrata* huwa na mabawa kamili kwenye vijito vya msituni na vibawa vya kisingizio tu juu ya mpaka wa msitu, na badiliko hilo limetokea zaidi ya mara moja katika vijito mbalimbali. Jambo likijirudia penye mazingira yanayofanana, bahati hupungukiwa na hoja.

8. Wahamiaji wangapi wanatosha kufuta tofauti?

Wachache kuliko unavyodhani. Mwanajenetiki Sewall Wright alionyesha kwamba kwa aleli zisizo na faida wala hasara, mhamiaji mmoja kwa kila kizazi, anayefanikiwa kuzaa, huzuia kwa kiasi kikubwa makundi yasiachane kabisa. Idadi hiyo haitegemei ukubwa wa kundi, jambo ambalo mwanzoni huonekana kama kiini macho: katika kundi dogo mhamiaji mmoja ni sehemu kubwa, na katika kundi kubwa kura yenyewe ni dhaifu.

Aleli inayopendelewa na uteuzi mkali ni habari nyingine. Inaweza kushikilia mlima wake hata wahamiaji wakimiminika, ndiyo maana sehemu moja ya DNA huweza kuonyesha pengo kubwa wakati sehemu nyingine zote zimechanganyika.

## Vipimo na vielelezo

9. FST ninayoiona kwenye kila ripoti ni nini?

Ni kipimo cha kutoka 0 hadi 1 kinachoonyesha ni sehemu gani ya utofauti wote iko kati ya makundi. Sifuri: makundi yamechanganyika. Moja: kila kundi limebaki na aleli yake tu. Mhamiaji mmoja wa swali la 8 hutoa FST ya takriban 0.2, kwa kadiri hesabu ya Wright inavyofuatwa. Usilinganishe FST za tafiti mbili zilizotumia aina tofauti za DNA. Ni kama kulinganisha pishi na mita.

10. Ni DNA ipi inayosomwa?

Kwa muda mrefu ilikuwa ya mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyotengeneza nishati na vyenye DNA yake vyenyewe, hasa kipande cha jeni ya COI chenye herufi 650 hivi, ambacho Paul Hebert na wenzake walikipendekeza mwaka 2003 kuwa alama ya kutambulisha wanyama. Ni rahisi kukipata na kinabadilika haraka. Kasoro yake ni kwamba mitokondria hurithiwa kwa mama pekee, kwa hiyo unasoma historia ya ukoo mmoja tu.

Siku hizi husomwa maelfu ya sehemu za DNA ya kiini cha seli kwa pamoja. Kwa panzi kuna kikwazo cha ukubwa: nzige *Locusta migratoria* ana jenomu, yaani DNA yake yote kwa jumla, ya herufi bilioni 6.5 hivi, zaidi ya mara mbili ya binadamu. Ndiyo maana watafiti wengi husoma vipande vilivyochaguliwa tu, si jenomu nzima.

11. Nikusanye wadudu wangapi kila kilele?

Ukitumia alama chache, 20 hadi 30 kwa kila kundi ni desturi nzuri. Ukisoma maelfu ya sehemu za DNA, hata wachache chini ya kumi hueleza mengi. Nionavyo, kuongeza vilele kuna faida kuliko kurundika wadudu wa kilele kimoja.

12. Lazima niwaue?

Si lazima. Mguu mmoja au kipande kidogo cha bawa kikihifadhiwa kwenye alkoholi ya asilimia 95 hutosha kwa kazi nyingi. Hata hivyo, kielelezo kizima kinahitajika pale spishi isipotambulika kwa macho, na viwe vichache. Kibali hutafutwa kabla ya safari. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya rasilimali za vinasaba ulioanza kutumika Oktoba 2014, inahusu pia wadudu na DNA yao pale vinapovuka mipaka ya nchi kwa utafiti.

13. Watafiti hujuaje kwamba makundi yaliachana miaka laki kadhaa iliyopita?

Huhesabu tofauti za DNA na kuzigawa kwa kasi ya mabadiliko. Kwa mitokondria ya wadudu kasi inayotajwa sana ni asilimia 2.3 ya tofauti kati ya nasaba mbili kwa kila miaka milioni. Tafiti nyingine zimepata kasi kubwa kuliko hiyo, na muda mfupi hupimika vibaya zaidi. Ichukue tarehe ya namna hii kama saa ya jua siku ya mawingu: hukuonyesha asubuhi au jioni, si dakika.

## Yanayopotosha

14. Mitokondria inasema makundi mawili, kiini kinasema moja. Nimwamini nani?

Wote wawili; wanasimulia visa tofauti. Huenda madume huhama na majike hukaa, hivyo DNA ya kiini husafiri na mitokondria hubaki. Huenda makundi yaliwahi kukutana zamani na mitokondria ya moja ikahamia kwa jingine.

Uwezekano wa tatu hukwepwa na wengi: bakteria *Wolbachia*. Hukaa ndani ya seli za wadudu na hurithiwa kwa mama kama mitokondria. Akiingia katika kundi na kuenea, huiburuta mitokondria aliyoikuta kwa mama wa kwanza, na baada ya muda kundi zima lina mitokondria ya aina moja. Ukiitazama peke yake utadhani kundi lilipita katika balaa la kupungua, kumbe lilipita katika maambukizi.

15. Mdudu mmoja ametoa mifuatano miwili ya COI. Maabara imekosea?

Pengine sivyo. Vipande vya mitokondria huweza kunakiliwa na kuhamia ndani ya kiini, vikabaki humo kama nakala mfu. Panzi wana nyingi, na *Podisma pedestris* wa milima ya Ulaya ni maarufu kwa hilo. Asiyejua huhesabu nakala hizo kama spishi za ziada. Dalili yake ni mfuatano wenye alama za kukomea katikati ya jeni.

16. Tofauti ikiwa kubwa kiasi gani ndipo tuseme ni spishi mbili?

Hakuna asilimia ya kukata shauri. *Podisma pedestris* huyohuyo, asiyeruka, ana aina mbili zinazokutana katika Alps za Ufaransa. Katika aina moja kromosomu (uzi unaobeba DNA) ya jinsia imeungana na kromosomu nyingine. Katika aina ya pili haijaungana. Zilikutana baada ya barafu kuyeyuka, na zikikutana huzaa machotara, ila machotara hao ni dhaifu. Ukanda wa mpito wa kromosomu una upana wa mita 800 hivi tu, na upo hadi leo. Godfrey Hewitt na Nick Barton walijenga sehemu kubwa ya nadharia ya kanda za machotara juu ya panzi hawa. Kwa umbo hutaweza kuzitofautisha aina hizo.

Kinyume chake, kuna wadudu wanaotofautiana kwa rangi kilele hadi kilele na vinasaba vyao karibu havipishani. Swali lenye manufaa ni hili: wakikutana, je, watazaana, na watoto wao watakuwa na nguvu gani?

17. Vilele viwili vina vinasaba vinavyolingana. Basi wadudu wanahama kati yake?

Si lazima. Makundi makubwa yaliyotengana majuzi hubaki yakifanana kwa sababu kura bado haijawa na muda wa kuyatenga. Kufanana kwa leo kunaweza kuwa kumbukumbu ya jana. Kwa swali hili, kumwekea mdudu alama, kumwachia na kumsaka tena bado kunashinda mashine yoyote ya maabara.

## Joto linapopanda

18. Mabadiliko ya tabianchi yanaathiri vipi vinasaba vyao?

Makazi hupanda, na mlima wenye umbo la pia hupungua eneo kadiri unavyopanda. N ya swali la 5 hushuka, na msitu unaopanda huikata mbuga vipande, jambo linalomhusu moja kwa moja kipepeo wa swali la 3. Wa kileleni hawana pa kupanda tena. *Lednia tumana*, mdudu wa vijito vya maji ya barafu inayoyeyuka katika milima ya Rocky, aliorodheshwa na Marekani mwaka 2019 kuwa spishi inayotishiwa, daraja moja chini ya zile zilizo hatarini.

19. Kwa nini tusihamishe wadudu kutoka kilele kingine kuongeza damu mpya?

Kuna hoja ya kweli nyuma ya wazo hilo. Katika visiwa vya Åland, Finland, ambako si mlimani lakini makazi yamekatwakatwa vivyo hivyo, utafiti wa mwaka 1998 juu ya kipepeo *Melitaea cinxia* ulionyesha kwamba makundi yenye ndugu wengi wanaozaliana yalikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kutoweka.

Lakini kumbuka machotara wa swali la 16. Makundi yaliyotengana miaka mingi, au yaliyozoea joto tofauti kama mbawakawa wa swali la 6, yanaweza kuzaa watoto dhaifu kuliko wazazi wote wawili. Anayetaka kuhamisha achukue wadudu kutoka kilele chenye mazingira yanayofanana na historia ya karibu, na aanze kwa kuwazalisha kizuizini vizazi viwili, kwa sababu udhaifu wa machotara mara nyingi hujificha katika kizazi cha kwanza.

20. Vielelezo vikavu vya zamani makumbushoni bado vina DNA?

Vinayo, imekatikakatika vipande vifupi, lakini mbinu za sasa za kusoma hupenda vipande vifupi. Mguu wa mbawakawa aliyechomwa pini vizazi vingi vilivyopita unaweza kukuambia aleli zilizokuwapo kabla mbuga yake haijamezwa na msitu. Shida kubwa ni karatasi iliyo chini ya pini. Wakusanyaji wengi waliandika jina la safu ya milima na kuishia hapo, bila kilele wala mita, na mdudu wa namna hiyo hawezi kuingizwa katika hesabu yoyote ya kilele kwa kilele.